Ufuko Uliofagiliwa

Jumamosi ile waanikaji wa ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwani, wa pale Ruziba walifagia ufuko mpaka mchanga ukabaki na mistari ya mifagio kama kichwa kilichotoka kuchanwa. Ilikuwa asubuhi ya kazi za pamoja, ile ambayo nchi nzima hutoka na majembe, lakini safari hii hakuna aliyechelewa wala aliyejifungia chooni mpaka kazi iishe. Honoré, mwenyekiti wa waanikaji, alikuwa ameshavaa shati lake la kanisani. Aliamuru vichanja ving'olewe na kupelekwa nyuma ya nyumba, nyavu zifichwe migombani, mitumbwi isukumwe hadi ng'ambo ya kijito. Ndagala zilizoingia alfajiri aliamuru ziuzwe mbichi, papo hapo, kwa bei yoyote.

"Bei yoyote?" aliuliza Waridi, ambaye kichanja chake kilipakana na cha mke wa Honoré. "Baba Benite, we uko na homa?"

"Wageni wanakuja. We ukipata mugeni kwako, unamukalisha katikati ya takataka?"

"Ndagala si takataka."

"Inanuka."

Hilo hakuna aliyeweza kulibishia. Harufu ya ufuko ule ilifika mpaka barabara ya lami, na abiria waliotoka kusini walijua wamefika Ruziba hata wakiwa wamefumba macho. Wanawake walitazamana, wakazimimina ndagala kwenye mabeseni, wakawauzia wachuuzi waliokuwa hawaamini bahati yao.

Wageni wenyewe walikuwa watu wa komisio, tume iliyokuwa ikitengeneza mpango wa utalii endelevu wa mwambao mzima, kuanzia Gatumba mpakani hadi kusini. Neno hilo, endelevu, lilikuwa limezoeleka redioni kiasi kwamba watu walilitaja bila kuliuliza habari zake. Walichoelewa ni kwamba kila kipande cha ufuko kitapewa kazi yake kwenye ramani: hapa wavuvi, hapa viboko na ndege, hapa mahoteli na watu wa kuogelea. Ruziba hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Kazi ya ufuko wao ilijulikana, na asiyeijua alikuwa na pua.

Jikoni, Lisette, mke wa Honoré, alikuwa anakaanga samaki, mikeke minono aliyoichagua mwenyewe. Ndizi zilikuwa tayari, mboga ya lengalenga pia. Honoré aliingia akanyoosha mkono kwenye sahani, na mwiko ukamtua juu ya vidole.

"Acha! Hii si ya kula. Hii ni ya wageni."

Honoré alicheka, akanyonya kidole. Alikuwa na furaha ambayo Lisette hakuwa ameiona kwa muda mrefu, na alijua ilikotoka. Binti yao Benite alisomea utalii katika chuo kimoja mjini, na sasa alikuwa amepata nafasi ya kujifunza kazi kwenye komisio hiyohiyo. Angekuja na wageni, kitambulisho shingoni. Lakini wiki mbili kabla, Benite alikuwa amemwambia mama yake jambo, na mama akalifikisha kitandani kwa baba: ofisini wenzake walikuwa wamekisogeza kiti chake karibu na dirisha. Hawakusema sababu. Walifungua dirisha tu.

Usiku ule Honoré aligeukia ukutani. Alivuta shuka mpaka shingoni. Ufagio wa Jumamosi ulianzia hapo, ingawa waanikaji wengine walidhani unatokana na uongozi bora.

*

Gari mbili nyeupe zilifika jua likiwa limeshapanda. Alishuka Madamu Chanelle, mkuu wa msafara, mwanamke mrefu wa sauti ya taratibu, aliyekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini, kabla ya masomo kumpeleka Ulaya na kumrudisha. Walishuka vijana wawili wenye tableti. Akashuka Benite, akapiga hatua kadhaa, akasimama. Alitazama ufuko alikokulia kama mtu aliyekosea nyumba. Bonfils, dereva wa gari la kwanza, alibaki ameegemea mlango, anachokonoa meno.

"Amahoro, Madamu, karibu sana!" Honoré alikuja mikono yote miwili mbele. Nyuma yake waanikaji walikuwa wamepanga mstari, wanawake na vitenge vya sherehe, Waridi na mtandio wake wa Idi.

"Amahoro, Papa. Asante kutupokea." Madamu Chanelle alizungusha macho. Maji yalikuwa yamelala, na ng'ambo milima ya Congo ilionekana vizuri. "Hapa nyie munafanya nini?"

Swali lilikuwa la kawaida, na aliyeliuliza hakuwa na nia mbaya. Lakini Honoré aliwahi kuulizwa swali hilo mara nyingi maishani mwake, na kila mara na mtu mwenye kofia ya serikali. Aliulizwa alipokuwa anauza petroli ya chupa mpakani, aliulizwa alipotandika nyavu karibu na hoteli, aliulizwa mwaka walioingia kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na mabegi kichwani. Watu wa ufuko ule wote walikuwa na jibu moja kwa swali hilo, na watoto wao hulijifunza kabla ya kusalimia.

"Hatufanyi kitu, Madamu," alisema. "Tunakaa tu."

"Hakuna kazi hapa?"

"Hakuna shida yoyote, Madamu. Pako propre, safi kabisa."

Madamu Chanelle aliitikia kwa kichwa. Kijana mmoja akagusa tableti. Benite alifungua mdomo, akamtazama baba yake aliyesimama mbele ya watu wote na kola iliyonyooshwa kwa pasi ya makaa, akaufunga.

"Pazuri kweli," Madamu Chanelle alisema. "Mumepachunga vizuri. Sehemu ingine tunakuta takataka mpaka kwa maji."

Honoré alivimba. Aligeuka kuwatazama wenzake, nao wakapiga makofi, maana walihisi huo ndio wakati wake.

Chakula hakikuliwa. Madamu Chanelle aliomba radhi kwa adabu kabisa: walikuwa na mikate yao garini, na vituo vingine viliwangoja. "Tutakula siku ingine, Mama," alimwambia Lisette, akamshika mkono kwa mikono miwili. Lisette alijibu hakuna shida. Alisimama na sahani yake mpaka mkono ukaanza kuuma. Bonfils peke yake alikuja, akachagua mkeke mkubwa, akaufunga kwenye gazeti na kuuweka chini ya kiti cha dereva.

*

Habari ilikuja Jumatano na Benite mwenyewe. Alifika nyumbani kabla ya muda wake wa kawaida, akavua viatu mlangoni, akakaa bila kuomba maji.

"Ramani imetoka," alisema. "Ya kwanza, ya kujaribu."

"Tuko wapi?" aliuliza Honoré.

"Tuko bleu."

"Hiyo rangi ya bleu ni ya nini?"

"Plaji ya kuoga, Papa. Hoteli, bangalo. Wameandika ufuko ni safi, hauna shughuli."

Honoré alicheka kidogo, kama mtu anayengoja mwisho wa utani. Mwisho haukuja. Lisette aliacha kuchambua maharage.

"Hauna shughuli namna gani? Mi niko hapa tangu we uko mugongoni."

"Wanaandika kile wanaona, Mama. Waliona mchanga."

"Nawe ulikuwa hapo!" Lisette alisema kwa sauti iliyowatisha wote wawili. "Ulikuwa hapo na macho yako. Sababu gani hukusema?"

"Papa alishajibu." Benite alianza kulia, na alikasirika kwa kulia. "Alishasema mbele ya watu wote, hatufanyi kitu. Mi ningesema nini? Ningesema baba yangu ni muongo?"

Honoré aliinuka, akaenda hadi dirishani, akarudi. Alijisikia mjinga, na hakuwa na mtu wa kumsukumia lawama. Ule mpango ukipita, wenye vichanja wangepewa muda wa kuondoka, na nyumba ile iliishi kwa kichanja. Ndicho kilichomsomesha Benite. Yeye mwenyewe tangu mgongo umvunjike kwenye mashine ya mtumbwi hakuwa na kazi nyingine zaidi ya kuwa mwenyekiti, kazi isiyolipa.

"Nilifanya sababu ya kiti chako," alimwambia binti yake, taratibu.

Benite aliacha kulia. Alimtazama mama yake, naye mama akaangalia maharage.

Kesho yake wanawake wa ufuko walikuja wakakaa barazani kwa Honoré. Hawakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Walikaa wakasuka ukili, wakanyonyesha, wakazungumza habari za bei ya sukari, na kila mtu aliyeingia alimsalimia Lisette na kumruka mwenyekiti. Mwishowe Waridi alikunja mkeka wake.

"Ile shati ya kanisa, Baba Benite," alisema. "Uivae tena. Uende useme ukweli."

*

Honoré na Lisette walikwenda wote wawili. Mlinzi wa ofisi aliwauliza wanatafuta nani, akawanusa bila kuficha, akawaambia wangoje nje penye kivuli kwa sababu ndani kuna mkutano. Ndani hakukuwa na mkutano. Kupitia kioo walimwona msichana wa mapokezi akipuliza manukato hewani, kisha akaendelea na simu yake. Lisette alikuwa ameoga mara mbili kwa sabuni ya unga. Alinusa kiganja chake kwa siri na kukiweka mapajani.

Benite aliwaona kutoka ghorofani. Alishuka ngazi akiwa amebeba kiti, akapita nacho mbele ya msichana wa mapokezi na mlinzi, akakiweka chini ya kivuli.

"Kaa, Mama." Kisha akasema kwa Kirundi, kwa nguvu, ili wote wasikie, kwamba hawa ni wazazi wake. Akarudi kuleta kingine kwa ajili ya baba. Lisette alikaa kwenye kile cha kwanza. Hakuuliza ni kiti gani, lakini alikijua, na alipapasa ukingo wake kwa vidole muda wote waliongoja.

Madamu Chanelle aliwapokea vizuri. Aliagiza chai. Honoré alisema yote, mbio mbio, kama mtoto anayekiri kuvunja chungu: vichanja viko, nyavu ziko, walificha kwa heshima.

"Tulisafisha sababu yenu, Madamu."

Madamu Chanelle alijisugua kope. Alikuwa amechoka, na hakuwa mtu mbaya. "Papa, sikiliza. Tangu ramani itoke, kila kartie, kila mutaa, inakuja hapa. Hata pale hakuna mutu, wanasema kuna kazi. Moja waliniletea mutumbwi juu ya kamio, kwa barabara. Mi siwezi kuchora kitu sijaona."

"Basi kuja uone."

"Nitakuja. Alhamisi ijayo, mara moja tu. Ijumaa plani inafungwa."

Honoré aliinua mikono kushukuru. Lisette hakushukuru. Alikuwa anahesabu kimoyomoyo, na alipomaliza alimvuta mumewe mkono wa shati. Honoré akahesabu pia, na uso ukamshuka.

"Madamu," alisema, "Alhamisi mwezi uko mzima. Ndagala inavuliwa na taa, kwenye giza. Kukiwa na mbalamwezi haiji. Wavuvi wanalala. Hakutakuwa na kitu cha kuanika."

Madamu Chanelle aliegemea kiti. "Siku ile ilikuwa usafi," alisema bila hasira. "Siku hii ni mwezi. Papa Honoré, mi nifanye nini?"

Honoré na mkewe waliinua vikombe. Walikunywa chai yote kwa sababu ilikuwa imeshawekwa sukari.

*

Wazo lilikuwa la Waridi, na alilitoa kama utani. Lisette hakucheka, na wenzake walipoona hacheki, nao wakaacha.

Sokoni mjini kulikuwa na ndagala kavu za magunia, zinazoletwa kwa meli kutoka mwisho wa kusini wa ziwa. Maisha yake yote Lisette alikuwa ameuza zake kwa kuzitukana hizo. Ni mchanga mtupu, aliwaambia wateja, zimekaa melini mpaka zimesahau maji. Sasa wanawake walichanga, kila mmoja alichonacho, na Lisette akatumwa kununua gunia. Alikwenda kwa Hamoud, mfanyabiashara wa ukoo wa Kiarabu ambaye duka lake lilikuwepo kabla ya wengi wao kuzaliwa.

"Mama Benite wa Ruziba anakuja kununua ndagala kwangu?" Hamoud aliweka kalamu chini. "Subhanallah. Ziwa imekauka?"

"Niko na sherehe."

"Sherehe ya gunia nzima?"

"Wageni ni wengi," alisema Lisette, na hakumtazama.

Hamoud alijua kuna neno, lakini alikuwa muungwana wa biashara. Alimfungia gunia, akampunguzia bei bila kuombwa. Lisette aliona bora angemzidishia.

Alfajiri ya Alhamisi vichanja vilirudishwa. Mitumbwi ikavutwa kutoka ng'ambo ya kijito, nyavu zikatandazwa juu yake, taa za kuvulia zikaning'inizwa zionekane. Wanawake waliloweka ndagala kwenye mabeseni ya maji ya ziwa, wakazigeuza kwa mikono taratibu zisivunjike. Zilivimba kidogo, zikang'aa kidogo. Kisha wakazimwaga juu ya vichanja na kuzitandaza, na mikono yao ilifanya kazi hiyo kama siku zote, kwa sababu mikono haikujua kuwa ni uongo. Waridi alianza kuimba wimbo wa kutandaza, akaukatiza katikati.

"Tunaanika kitu yetu kweli," alisema, "na ninajisikia muizi."

"Nyamaza, dada," alisema Lisette. Alikuwa na aibu, aibu ya kweli. Tangu utoto wake Uvira hajawahi kumwonyesha mtu samaki na kumdanganya alivuliwa lini. Mama yake angemchapa.

Mchana kabisa gari zikafika. Safari hii Honoré alivaa shati lililotoboka mgongoni, kwa ushauri wa mkewe, na hakupanga mtu mstari. Madamu Chanelle alitembea kati ya vichanja, kalamu sikioni. Nzi walikuwepo, harufu ilikuwepo, watoto walikuwepo. Uso wake ulifunguka.

"Ah, voilà!" alisema. "Sasa naona. Kumbe kuko hivi."

"Kuko hivi, Madamu," alisema Honoré.

"Hizi zimetoka maji lini?"

Alimuuliza Honoré, lakini kabla hajajibu akageuka. Benite alikuwa nyuma yake na kamera ya ofisi. "Benite, we ni wa hapa, si ndiyo? Hizi ni za leo?"

Benite alikiangalia kichanja cha mama yake. Alizijua ndagala tangu hajajua kusoma, na aliona kwa mbali mikia iliyokatika na matumbo yaliyopasuka kwa kulowekwa. Aliona pia mama yake amesimama na vidole vimeloa, na macho ambayo hayakumwomba kitu.

"Ni za leo, Madamu," alisema. "Hapa tunaanika siku zote."

Sentensi ya pili ilikuwa kweli. Aliitamka kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza.

Bonfils alikuwa amekuja pole pole na funguo zake. Aliokota ndagala moja, akaing'ata, akaitafuna kwa utulivu mbele ya Lisette. "Mama," alisema chini chini, "hii imekauka mara ngapi?" Lisette alifuta vidole kwenye kitenge. Aliingia jikoni, ambako safari hii hakukuwa na mikeke, akamjazia mfuko kutoka kwenye gunia, zile zilizokuwa bado kavu. Bonfils alipima uzito mkononi, akaendelea kusimama. Lisette akaongeza.

Madamu Chanelle alipiga picha nyingi. Aliomba Lisette ainame kidogo, ageuze samaki, asitazame kamera. "Hii ndiyo tunatafuta," aliwaambia vijana wake kwa Kifaransa, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wenyeji nao wafurahi. "Mutalii wa leo hataki hoteli tu. Anataka kitu ya kweli."

*

Wakapona. Ramani ya mwisho ilitoka na ufuko wao ukiwa na rangi ya chungwa, na maandishi yalisema ni kituo cha utalii wa utamaduni: uanikaji wa asili wa ndagala. Hakuna aliyehamishwa. Wanawake walipiga vigelegele mpaka watu wakasimama barabarani kuuliza bibi harusi ni nani. Honoré alisalimiwa tena, akarudi kuwa mwenyekiti, na kanisani alikaa mstari wake wa zamani. Benite alipewa mkataba, na dawati lake likawekwa katikati ya chumba.

Palikuwa na sharti moja, na Benite alilisoma barazani kwa waanikaji wote. Wageni wataletwa Jumamosi na Jumapili. Kwa kuwa kituo kimekubaliwa kwa sababu ya shughuli yake, shughuli ionekane kila wageni wanapofika. Kituo kitakachokutwa kitupu kitaangaliwa upya.

"Na mbalamwezi?" aliuliza Waridi.

"Hawajaandika mbalamwezi," alisema Benite.

Hakuna aliyependekeza kwenda kueleza. Wangeeleza nini, na picha za Alhamisi, mwezi ukiwa mzima, zilikuwa zimeshachapishwa kwenye vijitabu?

Kwa hiyo gunia la Hamoud halikutupwa. Kukiwa na giza waliuza ndagala zao kama zamani, na wageni walizikuta, wakaziba pua kwa adabu, wakapiga picha, wengine wakanunua kidogo za kuwaonyesha watu makwao. Mwezi ulipokomaa, Lisette alilivuta gunia kutoka chini ya kitanda, wakaloweka, wakatandaza. Jioni wakakusanya na kurudisha. Mwezi uliofuata wakazitoa tena. Safari ya tatu hazikuwa na vichwa, rangi yake ilikuwa ya majivu, na hata nzi walitua mara moja wakaondoka. Lisette alizitandaza kwa nafasi kubwa ili zionekane nyingi. Alikuwa ameshazoea. Jambo hilo lilimuuma zaidi kuliko aibu yenyewe.

Jumamosi hiyo basi la wageni lilikuwa limeshaondoka na jua lilikuwa bado kali. Honoré alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akila muhogo mkavu, kwa sababu wiki ya mbalamwezi mboga huwa ngumu. Akaja mwanamke mmoja kutoka barabarani, mtoto mgongoni, kapu mkononi. Vumbi la miguuni lilionyesha ametembea. Alisema anatoka mbali, upande wa Carama, kuna msiba wa ndugu hapa karibu, na tangu zamani amesikia ndagala tamu ni za Ruziba. Aliinama juu ya kichanja cha Lisette, akanyoosha mkono.

"Nipimie hata kidogo, mama. Ya kulisha watoto jioni."

Lisette aliushika mkono wake, bila ukali, akauondoa juu ya kichanja.

"Apana, mama yangu," alisema. "Hii si ya kula. Hii ni ya wageni."

Honoré aliacha kutafuna.